Kusoma upya Adili na Nduguze nikiwa mtu mzima

Msomaji wa Zamani anauliza:

Ndugu zangu, nilipokuwa shule ya msingi nilikipenda mno kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Yaliyonishika wakati huo ni mji ambao watu wake wamegeuka mawe, jini Huria, na manyani wawili ambao Adili, mtawala wa Janibu, huwachapa kila usiku. Nimekisoma tena hivi karibuni, na sasa kinachonikera ni ule mjeledi: mtu anayesifiwa kwa wema anawapiga ndugu zake wa damu, ambao ndio waliogeuzwa manyani hao, usiku baada ya usiku, ijapokuwa ni kwa amri ya jini. Isitoshe, ndugu wenyewe wanaitwa Hasidi na Mwivu, kana kwamba wamekwisha kuhukumiwa kabla ya kutenda neno lolote. Je, ninyi mliokirudia ukubwani mmeonaje? Binti yangu ana miaka kumi, nami nasita kumpa.

Mwalimu Mstaafu anajibu:

Ndugu yangu, kuudhika kwako kumo ndani ya kitabu chenyewe. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anashuhudia kwa siri adhabu ile na kustaajabu kama wewe, kisha anampelekea habari mfalme, naye Rai anamwita Adili pamoja na manyani wake mpaka Ughaibuni, nchi ya mfalme huyo, ajieleze. Kwa hiyo ukatili haukupita bila kuulizwa. Hadithi nzima ni jibu la swali hilo. Adili mwenyewe hapigi kwa furaha, maana Huria alimwokoa baharini walikomtupa nduguze na ndiye aliyemlazimisha. Utotoni nilikuwa nikiruka sura ya mwanzo inayomsifu Rai, nikiiona ndefu na isiyo na kisa. Leo naishika kuliko zote, kwa sababu bila mfalme mwenye tabia ya kuuliza na kusikiliza, wale manyani wangechapwa maisha yao yote.

Mpenda Ngano anajibu:

Naomba niongeze jambo moja ambalo sikulijua utotoni. Kisa hiki kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, katika hadithi ya Abdalla bin Fadhili, ambamo ndugu wawili wanageuzwa mbwa na mtawala anayeuliza ni Harun al-Rashid. Huko, ndugu hao wakiisha kurudishiwa umbo la binadamu, husuda inawarudia na wanamuua ndugu yao. Shaaban Robert aliukataa mwisho huo: Hasidi na Mwivu wanatubu kweli, wakaishi na Adili kwa wema. Ndiyo maana sikubali kwamba majina yao ni hukumu, kwa kuwa mwandishi amewapa waovu wake nafasi ambayo hadithi ya asili iliwanyima, na kwangu hilo ni tendo kubwa la huruma kuliko lolote analofanya Adili.

Mama wa Watatu anajibu:

Mpe, ndugu yangu, ila msome pamoja. Nilipowasomea wanangu, mjeledi haukuwatisha kama nilivyodhani; kilichowaumiza ni pale ndugu wanapomwonea Adili wivu kwa ajili ya Mwelekevu, binti aliyebaki hai katika mji wa mawe, hata wakamtosa baharini. Waliniuliza mengi juu ya ndugu kusalitiana, na tulikaa na maswali hayo kabla ya kuendelea. Lugha ndiyo itakayomzuia zaidi, kwa hiyo msome sura moja kwa jioni, na maneno magumu mweleze papo hapo.