Panki, mara ya kwanza kurekodi: studio ya mjini, Nairobi au ukumbi wa kanisa?

Kamba_Nne (Bombo)
Wadau, salaam. Tuko wanne, mkubwa wetu ana miaka 21, tunapiga panki, ule muziki wa gitaa wa kasi na makelele. Nyimbo sita, zote pamoja hazifiki robo saa. Mpaka leo tumerekodi kwa simu tu. Tumechanga shilingi 1,400,000 za Uganda na njia ni tatu.

Studio moja mjini Kampala, unalipa kwa wimbo. Kibanda cha kuimbia kizuri, ila dramu zinapangwa kwenye kompyuta. Prodyuza kaniambia, "Leteni sauti, mengine niachieni." Ya pili iko Nairobi, ina chumba cha dramu kabisa. Bei ya siku tunaimudu, lakini weka basi, malazi na chakula cha watu wanne. Ya tatu ni ukumbi wa kanisa analosali shangazi yake mpiga dramu wetu, hapa hapa Bombo. Dramu zipo, amplifaya zipo mbili, na fundi mitambo wao atatukodisha kadi ya sauti (kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta) na maiki. Mngekuwa nyinyi mngekwenda wapi?

jirani_wa_Kisenyi
Panki mimi nilijua ni kunyoa pembeni ukaacha katikati. Haya, endeleeni, nimekaa nasoma.

MzeeWaNyaya
Kijana, hiyo ya kwanza iondoe. Maprodyuza wale wanaijua kazi yao, nusu ya nyimbo unazosikia kwenye taksi zimetoka kwenye vibanda vya namna hiyo. Ila kwao biti ndiyo huanza, mwimbaji anakuja kukaa juu yake. Biti yenu nyinyi ni mtu, tena akikaribia kiitikio anaongeza mwendo na gitaa linamfukuza. Ukimpanga kwenye kompyuta umeshamfukuza kwenye bendi.

Albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya Marekani, mwaka 1976, ina nyimbo 14 na iligharimu dola kama 6,400, hela ndogo kwa albamu hata enzi hizo. Iliwachukua kama wiki moja, kwa sababu nyimbo zilikuwa zimeshaivia jukwaani. Kabla ya kuuliza studio gani, jiulize mnaweza kuzipiga zote sita mfululizo bila kusimama?

dada_wa_besi
Nairobi nimekwenda na bendi yangu ya zamani. Chumba safi, sina neno. Lakini tulipanda basi la jioni, tukashushwa Busia usiku wa manane kupanga foleni ya mpakani, asubuhi tukaingia studio moja kwa moja na mabegi mgongoni. Kuweka maiki kwenye dramu peke yake kulikula saa mbili, na saa inahesabiwa. Zamu yangu ya kuimba ilipofika, sauti ilikuwa ya muuza karanga aliyeshinda stendi. Mkienda, fikeni siku moja kabla. Na hiyo siku ina bei yake.

kelele_za_Jinja
Kwani lazima Nairobi? Bendi ya Duma ni ya Nairobi, na albamu yao ya 2020 imetolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala. Si panki hasa, lakini mwenye masikio ya makelele hata hapa yupo.

fundi_Arua
Mimi narekodi kwaya, na kura yangu ni kanisa. Ila kwanza kahesabu matundu ya maiki kwenye hiyo kadi. Yakiwa mawili, mtarekodi kwa mafungu na mtachoka. Yakiwa manane mko sawa: moja ngoma ya mguu, moja snea (ile ngoma ndogo yenye nyaya chini yake), mawili juu ya matoazi, moja maiki ya gitaa, moja besi ichomekwe moja kwa moja. Yanabaki mawili. Pigeni wote pamoja mkitazamana, sauti za kuimba mtaweka baadaye. Kwenye kompyuta chagueni ubora wa biti 24 (hizi si biti za mdundo), na msijaze mita hadi nyekundu. Wimbo uliopasuka haushoneki.

Ngoma ya mguu itateleza kwenye vigae. Tandika mkeka, weka tofali mbele. Amplifaya ya besi isiikaribie snea, zile nyaya za chini ya snea zitatetema wimbo mzima.

Paa ni mabati? Basi nendeni asubuhi, mvua ikianza hakuna maiki itakayosikia kingine. Na kompyuta ina betri, kadi kubwa haina. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, umekwenda nao.

MzeeWaNyaya
Naunga mkono. Hela itakayobaki mpelekeeni mtu wa kumiksi, yaani kuzisawazisha sauti zote, hata huyo prodyuza wa mjini, ila mwambie mapema asinyooshe dramu kwa kompyuta.

fundi_Arua
Hapo mzee tunatofautiana kidogo. Mpiga dramu angevaa spika za masikioni asikie mdundo wa kuhesabia, kumiksi kungekuwa rahisi.

MzeeWaNyaya
Rahisi kwa nani?

Kamba_Nne
Nimetoka huko sasa hivi. Matundu ni manane. Paa ni mabati, tumepewa Jumanne kuanzia saa moja asubuhi, na jenereta tutatia mafuta wenyewe, itawekwa nyuma kabisa karibu na choo. Mdundo wa kuhesabia tumeujaribu, mpiga dramu katupa spika chini kwenye ubeti wa pili, kwa hiyo basi. Nyuzi mpya tutanunua Jumapili.

Limebaki moja. Shangazi anataka kusoma mashairi kabla ya kutoa ufunguo. Wimbo wa nne unamhusu mchungaji.

jirani_wa_Kisenyi
Mpe matano.