Baiskeli ya gia za ndani inateleza: nihangaike na waya au nibadilishe habu?

Mwana_Ngamiani: Wakuu, habari za mchana. Nina Raleigh ya zamani yenye gia tatu zilizofichwa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma. Habu imeandikwa Sturmey-Archer AW. Waya wa gia ulikatika, nikafunga mpya. Tangu hapo gia ya kwanza naipata, ya pili inashika kidogo kisha pedeli zinazunguka bure kana kwamba mnyororo umechomoka, na ya tatu siioni kabisa. Nimekaza waya, nimelegeza, hali ni ile ile. Naombeni msaada kabla ya Jumamosi, kuna jambo natakiwa kuamua.

Tairi_Bapa: Tanga yote tambarare, gia za nini? Funga fri wili ya kawaida, ya gia moja, maisha yaendelee.

Mwana_Ngamiani: Mkuu, upepo wa kusi ukikukabili barabara ya Raskazone utaelewa gia za nini. Na mimi huwa napakia.

Bi_Mwanahawa: Unapakia nini, mwanangu?

Mwana_Ngamiani: Mizigo ya kawaida tu, shangazi.

Fundi_Mikanjuni: Tuanze na waya. Weka leva kwenye gia ya pili. Nati ya kulia ya ekseli ina tundu, chungulia humo. Utaona kijiti kile kinachovutwa na kicheni kidogo. Ncha yake inatakiwa iwe sawasawa na mwisho wa ekseli, isizidi wala isipungue. Ikiwa imezama ndani, waya umelegea. Zungusha kirekebishi hadi ilingane, halafu funga kinati chake kisijizungushe.

Kingine: kijiti chenyewe kikazwe kwa vidole mpaka mwisho, kisha kirudishwe kisichozidi nusu mzunguko ili kicheni kilale sawa na waya. Wengi hukiacha nje mizunguko kadhaa halafu wanalaumu waya.

Kuhusu pedeli kuzunguka bure: kwenye AW za zamani, katikati ya gia ya pili na ya tatu kuna sehemu isiyoshika kitu. Waya ukilegea kidogo tu ukiwa gia ya pili, unadondokea hapo. Umesimama juu ya pedeli? Utajipiga kwenye bomba la fremu.

Mlowezi_Utrecht: Huku Uholanzi habu za ndani ziko kila kona. Yangu ni Shimano Nexus ya gia saba. Unaweka gia ya nne, unaangalia alama mbili nyekundu pale habuni, unazilinganisha kwa kirekebishi cha kwenye leva, umemaliza. Nilipofika mara ya kwanza sikujua, nikawa namlipa fundi kazi ambayo sasa mwanangu wa kike anaifanya mwenyewe kabla ya kwenda shule. Baridi ya Januari inaganda hadi kwenye kava la waya, lakini watu wanapanda tu.

Fundi_Mikanjuni: Hiyo ni habu nyingine, kaka. Mleta mada, leva yako ni ya aina gani?

Mwana_Ngamiani: Leva ni nzima. Tatizo si leva.

Fundi_Mikanjuni: Sijauliza kama ni nzima.

Mwana_Ngamiani: Ile ya asili ilivunjika. Nimeweka ya baiskeli ya mlimani, inabonyeza hatua saba. Nilifikiri hatua zikiwa nyingi ni bora zaidi, nitachagua tatu zinazofaa. Na inavuta vizuri sana, nyepesi.

Fundi_Mikanjuni: Haya, ndiyo hiyo. Hatua za leva ile zimepimwa kwa mnyororo unaohama kwenye sproketi za nje. AW inataka waya uvutwe kwa vipimo vyake yenyewe, leva yako inasimama mahali ambapo habu haina gia. Tafuta leva ya Sturmey ya gia tatu, hata iliyotumika. Ukikosa, chukua ile ya zamani isiyobonyeza, inayokaa popote unapoiacha. Hiyo inafanya kazi ukiitega kwa uangalifu.

Mwana_Ngamiani: Leva nimenunua juzi, siwezi kuitupa. Na kusema kweli nimeshatanguliza hela ya gurudumu zima la fri wili, na habu nimeshampata wa kuichukua. Ndiyo maana nikasema Jumamosi. Nilitaka tu kujua kama ninakosea.

Tairi_Bapa: Hukosei. Chukua gurudumu.

Bi_Mwanahawa: Bado hujajibu. Unapakia nini?

Mwana_Ngamiani: Mtoto, shangazi. Nampeleka chekechea asubuhi, anakaa kwenye keria.

Bi_Mwanahawa: Subhanallah! Pedeli zinateleza ukikatiza barabara ya malori na mtoto yuko nyuma? Mpeleke kwa miguu mpaka hiyo baiskeli itengemae. Kijana wa jirani yangu alianguka kwa sababu ya mnyororo kuruka, mkono haujanyooka mpaka leo. Chuma kinasubiri, mtoto hasubiri.

Mkosoaji_Huru: Samahani wakuu, naona chai hapa. AW bila waya ni gia ya tatu. Springi ya ndani inarudisha klachi (kipande cha ndani kinachohamisha gia) yenyewe, waya kazi yake ni kuvuta kwenda ya pili na ya kwanza. Mtu analegeza waya kabisa halafu anasema ya tatu haioni? Haiwezekani. Huyu hana baiskeli, kasoma mahali akaja kutuchosha.

Tairi_Bapa: Duh. Nami nilishangaa siku zote hizi hakuna picha.

Mwana_Ngamiani: Simu yangu kamera imekufa. Nimechomoa waya wote sasa hivi, baiskeli imebaki nyepesi kama gia ya kwanza. Kwenye habu pameandikwa AW na chini yake 68. Nitungie uongo ili nipate nini, ndugu yangu?

Fundi_Mikanjuni: 68 ni mwaka wa kutengenezwa, 1968. Mkosoaji yuko sahihi kuhusu springi, lakini klachi inaweza kuganda. Mleta mada, umeweka nini kwenye kile kitundu cha oili?

Mwana_Ngamiani: Grisi. Ile nzuri ya beringi za gari, nilisukuma ya kutosha. Oili inamwagika, grisi inakaa.

Fundi_Mikanjuni: Inakaa, ndiyo shida. Mle ndani kuna vidole vidogo vya kukamatia vinavyoinuliwa na springi nyembamba kama unywele. Grisi nzito inavilaza, na klachi nayo hairudi. Dondoshea mafuta ya taa kwenye kitundu, zungusha gurudumu, laza baiskeli ichuruzike, rudia mpaka yatoke safi. Kisha matone machache ya oili nyepesi ya mashine. Jaribu ya tatu bila waya kwanza, ndipo ufunge waya.

Mkosoaji_Huru: Hapo sawa. Nafuta neno langu.

Mwana_Ngamiani: Wakuu, imetoka tope jeusi. Bila waya, gia ya tatu imeingia, nzito kama zamani. Nimepata leva isiyobonyeza kwa fundi wa Mabawa, ya pili inashika, kijiti kimelingana na ekseli. Mtoto anatembea na mama yake wiki hii, nitajaribu peke yangu kwanza na gunia la nazi. Ila gurudumu nimeshalilipia, muuzaji harudishi hela.

Tairi_Bapa: Rimu inchi ngapi?

Mwana_Ngamiani: 28.

Tairi_Bapa: Yangu imepinda. Usimpe mtu mwingine, nakuja PM.