Tupeane uzoefu: Nani amewahi kumtafuta mzee wao aliyekwenda vitani asirudi?

Mwanzisha mada (Same)
Wakuu, habari zenu. Kaka yake babu alichukuliwa kuwa mpagazi kwenye Vita vya Kwanza, Waingereza walipokuwa wakimfukuza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kuelekea kusini. Hakurudi. Matanga hayakukaliwa kwa kuwa hakuna aliyeleta habari za kifo. Walimsubiri mpaka wao wenyewe wakaisha. Jina lake sasa analo baba yangu mdogo.

Nilimtafuta kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wale wanaotunza makaburi ya vita ya Moshi, Tanga na Iringa. Unaandika jina, hulipi kitu. Wa kwetu hayumo. Kisha nikasoma ripoti waliyoitoa wenyewe mwaka 2021: watu waliokufa vitani wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Kwa hiyo ukikosa jina usidhani wazee walikudanganya.

Wenzangu mlifanyaje?

Mchangiaji, Machakos
Pole sana ndugu. Sisi wetu tulimpata, na nitaeleza njia kwa sababu inaweza kumfaa mtu.

Nyumbani tulijua tu kwamba babu alikwenda Burma (sasa Myanmar) kwenye Vita vya Pili na KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki. Tulikuwa tunatafuta kwa jina la ubatizo na la ukoo, tunaambulia patupu. Mzee mmoja wa kijijini, naye mtoto wa askari, akatuambia karani wa jeshi aliandika jina ulilomtajia na la baba yako, basi, tena alivyolisikia. Tukatafuta kwa jina la babake, tukibadilisha herufi moja moja. Akatokea: namba ya jeshi, kikosi, tarehe ya mwaka 1944.

Kaburi hana. Jina lake limechongwa huko Burma, kwenye Mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan, pamoja na wengine karibu 27,000 ambao haijulikani walikozikwa. Tarehe ilitueleza mengi kuliko tulivyotarajia. Ni majira ambayo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa inashuka bonde la Kabaw kwenda mto Chindwin, mvua kubwa, matope na malaria. Shangazi yangu alizaliwa babake ameshaondoka. Nilipomsomea aliuliza: "Namba ni ngapi?" Akaniambia nimwandikie kwenye Biblia yake. Mwaka huo tulifanya ibada ya kumuaga.

Mchangiaji, Iringa
Mwenye medali ya mzee asiisugue kwa majivu wala mchanga. Za Uingereza za Vita vya Kwanza nyingi zina jina na namba ukingoni, tumia lenzi kusoma. Nyota za Vita vya Pili zilitolewa bila majina, hivyo ukiikuta tupu usikate tamaa. Bado ni medali ya babu yako.

Mchangiaji, Kampala
Samahani wakuu, lakini hawa si walimpigania mkoloni? Kwa nini tuwaenzi?

Mwanzisha mada
Swali halali. Wa kwetu hakupigania mtu, alibebeshwa mzigo. Wengi walikamatwa kwa amri ya machifu na maakida. Pale sanamu ya Askari, Dar, maandishi yanaahidi kwamba ukifa ukiipigania nchi yako, watoto wako watalikumbuka jina lako. Wapagazi wametajwa, jina la mtu hata mmoja halipo. Mimi simwenzi mfalme wa Uingereza. Namtafuta ndugu yangu.

Mchangiaji, Songea
Huku kwetu tunawakumbuka waliompinga Mjerumani kila Februari, wale walionyongwa mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Fuvu la mmoja wao, Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, bado linatafutwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Novemba 2023 akaomba msamaha. Kwa hiyo naelewa maumivu ya mzee asiye na mahali.

Mchangiaji, Mombasa
Kuna waliozama pia, msiwasahau. Meli ya Khedive Ismail iliondoka hapa Mombasa Februari 1944 kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki walikuwa wengi ndani. Majina yao tafuteni kwenye mnara ulio makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Mjomba wa mama yangu yupo hapo. Tulikwenda na ubani na tukasoma khitma. Mtunza makaburi alitupokea vizuri mno.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Ukoo umekubaliana tuweke jiwe lenye jina lake karibu na kaburi la babu, na matanga yakaliwe kama ya mtu mwingine yeyote. Tunasubiri mavuno. Kabla ya hapo nataka kupita Nyaraka za Taifa, Dar, kuangalia mafaili ya wilaya ya Pare ya miaka ya ishirini. Aliyewahi kuyaomba anieleze: barua ya utambulisho inatoka kwa nani, na wanaruhusu kupiga picha?