Mtoto wa mbwa anauma visigino na kuvuta dera, nimechoka jamani

MamaMahamri (Kiembeni, Mombasa)

Hamjambo humu. Nina mtoto wa mbwa wa wiki 11, dume, rangi ya mchanga, koko halisi. Tuliibiwa mitungi miwili ya gesi kwa mwezi mmoja, mume wangu akasema basi, tutafute mbwa. Tukampata Mtwapa kwa fundi mmoja wa mabati, akatuapia kwamba ametimiza miezi miwili. Baadaye ndipo nikajua alikuwa na wiki tano tu. Watoto wamemwita Papa kwa ajili ya meno, na jina limemkaa.

Shida ni hii. Papa haumi mtu aliyekaa. Anauma miguu inayotembea na nguo inayopepea. Mie huamka saa tisa usiku kukaanga mahamri ya kuuza, na huvaa dera. Nikinyanyuka tu kwenye kibao, yeye yuko kwenye upindo, anavuta kwa nguvu zake zote huku ananguruma kama bodaboda bovu. Juzi nilikuwa nimeshika karai la mafuta ya moto nalitoa kwenye seredani. Hayakunimwagikia, Mungu mkubwa, lakini nilitetemeka mpaka kukapambazuka.

La pili ni mwenye nyumba wetu. Ni bibi wa miaka 70 na kitu, mtu wa swala tano, tunakaa naye ua mmoja. Hakutukataza mbwa. Alisema, "Mmeibiwa, fugeni, ila asinijie." Wiki iliyopita Papa akamdaka buibui akiwa ameshatawadha, anatoka kwenda darsa. Hakunigombeza. Alirudi ndani akaifua mara saba, moja kwa udongo, na maji ya huku mwayajua, ni ya mkokoteni, shilingi 30 mtungi. Nikampelekea mitungi mitatu kumwomba radhi, akapokea mmoja. Angenitukana ningelala usingizi.

Halafu kuna mwanangu wa miaka minne. Akimwona Papa anakimbia na kupiga mayowe, na hapo ndipo Papa anapofurahi. Jana amemkwaruza kisigino.

Nimejaribu kumpiga champali ya pua, akaidaka champali. Nimepaka pilipili kwenye upindo, kisha nikajisahau nikajifuta jicho. Nisaidieni kabla baba watoto hajamrudisha Mtwapa.

KijanaWaTudor

Pole dada, hiyo ya pilipili imenichekesha, nisamehe. Mpe champali kuukuu atafune, atasahau dera. Na akikuuma lia "kwii!" kama mbwa mwenzake, ataogopa.

Muuguzi_Likoni

Mama, kabla ya mengine yote, huo mkwaruzo wa mtoto. Ni wa jino? Umeuosha vipi? Jino la mbwa likikwaruza ngozi, hata damu isipotoka, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha mpeleke hospitali wamwone. Mbwa huyo hujui mama yake alichanjwa au la, na mwenyewe hajafika umri wa chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida huanzia miezi mitatu. Huenda hana lolote. Lakini kichaa cha mbwa dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna tiba ya kutegemea, chanjo huwahiwa kabla. Usipake chumvi, usipake mafuta ya taa, usifunge kwa kitambaa. Nenda leo.

MamaMahamri

Ni jino, dada muuguzi. Nilimwosha haraka haraka tu. Tunakwenda sasa hivi.

MshikaMbwaMstaafu (Changamwe)

Binti yangu, nimesoma. Mtangulize mtoto hospitali kama ulivyoambiwa, haya yangu yatakungoja.

Nimeshika mbwa wa ulinzi miaka 19, zamu za usiku kwenye maghala ya Shimanzi. Nimeng'atwa mpaka suruali za kazi nikawa nazishonea viraka vya turubai. Sasa nimestaafu, nafuga kuku, lakini wenye mbwa bado hunijia.

Wewe mwenyewe umeshataja dawa bila kujua. Umesema haumi aliyekaa. Papa hana chuki na visigino vyako. Kitu kinachokimbia chini chini, tena kinapepea, kwa mbwa ni windo. Dera lako linapita mbele ya pua yake likipepea kama tanga. Akilidaka, wewe unavuta. Ukivuta, windo limepigana, na hakuna raha duniani kwa mtoto wa mbwa kushinda windo linalopigana. Ukipiga kelele umemwongezea ngoma. Champali ya pua ndiyo kabisa, umemtupia windo la pili usoni. Na ukizidi kumpiga, siku moja ataanza kuuogopa mkono, na mbwa anayeogopa mkono huja kuuma kwa kweli.

Kwa hiyo ua mchezo. Akishika upindo, simama hapo hapo. Usimtazame, usimsemeze, usivute. Mikono kifuani. Atavuta mara mbili tatu, ataona amekamata pazia. Akiachia, hesabu moja, mbili, kisha mpe kidagaa na kitu chake halali cha kutafuna. Akikataa kuachia, mshike ukosi, yaani mkanda wa shingoni, taratibu umzuie asivute, bado umenyamaza, mpaka taya lilegee. Akirudia papo hapo, wewe ondoka, ingia chumbani ufunge mlango, nusu dakika tu, halafu utoke kama hakuna kilichotokea. Akuume, akukose. Ukikaa huko robo saa atakuwa ameshasahau unamwadhibu kwa lipi.

Sasa nikuambie ukweli ambao watu huuficha: siku tatu nne za kwanza atazidi. Mchezo ulikuwa unalipa, leo haulipi, ataongeza juhudi. Wengi hukata tamaa siku ya tatu, wakarudi kwenye champali.

Kijana wa Tudor, wewe una moyo mzuri lakini ushauri wa champali kuukuu ufute. Mbwa hajui kuukuu na mpya. Anajua harufu ya mguu na ladha ya mpira. Ukimpa ya zamani leo, kesho atatafuna ile ya Idi. Vivyo hivyo kipande cha leso, binti, usimpe, maana leso na dera ni ndugu. Mpe vitu visivyofanana na nguo wala viatu: kamba nene uliyoifunga mafundo, karoti nzima iliyokaa kwenye friji, mpira mgumu usioingia kooni. Mfupa wa kuku uliopikwa hapana, huvunjika vipande vyenye ncha. Makumbi ya nazi nayo hapana, atameza nyuzi. Na makombo ya mbaazi yako yenye kitunguu usimmwagie, kitunguu kibaya kwa mbwa.

Ile ya kulia "kwii" nimeiona ikisaidia kwa wengine, na nimeiona ikimpandisha mwingine wazimu. Jaribu mara mbili. Ukiona macho yanazidi kung'aa, acha.

Halafu hiyo habari ya wiki tano. Mtoto wa mbwa angekaa na mama yake walau wiki nane. Humo ndani ndimo anamojifunza nguvu ya jino lake: akimuuma ndugu yake sana, ndugu analia na mchezo unakwisha, akimuuma mama, mama ananyanyuka anakwenda zake. Papa aliondolewa shuleni darasa la kwanza. Huko kusimama kimya na kuondoka ninakokuambia ndiko kunakofanywa na mama yake, wala si uzungu wa vitabuni.

Na je, analala? Wa umri huo hulala saa 18 mpaka 20 kwa siku. Nyumba yako inaamka saa tisa usiku, watoto wanatoka skuli jioni wanamrusha huku na huku. Nina hakika saa za kuuma sana ni hizo mbili. Huyo amechoka, si mkaidi. Mwekee kona yenye kivuli na giza kidogo, watoto waambiwe akiwa humo haguswi.

Mafuta ya moto ni habari nyingine kabisa. Pale hakuna mafunzo. Mbwa asiwe karibu na seredani, kwisha. Tafuta paleti ya mbao, iegeshe umzibie kona na karoti yake mpaka hamri la mwisho litoke. Nawe ukifika jikoni funga dera kiunoni kama unakwenda kutwanga.

Abu_Kibokoni

Nimefurahi mmelizungumza la bibi kwa adabu. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, kinachonajisi ni umajimaji: mate yake, au mwili wake ukiwa na maji. Akipita akamgusa kavu kwa kavu, nguo haina neno. Lakini jino limeshika na mate, hapo ni zile saba. Kumfuga wa ulinzi kuna ruhusa, na bibi naona anajua hilo kuliko sisi. Mfungeni tu nyakati za swala, maana nyakati zenyewe hazijifichi, adhana inasikika.

MamaMahamri

Asanteni sana. Hospitali mtoto amechomwa sindano ya kwanza, tumepewa tarehe za kurudi. Kumbe hata Papa wametuambia tumchunge tuone hali yake.

Mzee, nimekuelewa kuhusu mimi. Je, mtoto wa miaka minne nitamwambiaje asimame kimya na jino liko kisiginoni? Na bibi wa watu siwezi kumpa masharti kwenye ua wake mwenyewe.

MshikaMbwaMstaafu (Changamwe)

Umeuliza vizuri, na jibu ni kwamba huwezi. Mtoto hawezi kuwa mti. Bibi hapaswi kuwa mti. Hapo kazi ni ya kamba.

Mvalishe ukosi, vidole viwili vipite kati yake na shingo, na kamba nyepesi ya mita moja na nusu. Mtoto wako anapocheza uani, kamba iko mkononi mwako au chini ya unyayo wako. Papa anamwona mtoto akikimbia, anataka kwenda, kamba inamgomea, wewe unamwita, akigeuka anapata dagaa. Geuza kichwa, dagaa. Mara hamsini kwa siku, dagaa wadogo kama ukucha. Usimwache na mtoto huyo peke yao hata dakika ya kwenda chooni, na usimfunge kamba akaachwa nayo bila mtu, atajinyonga.

Mfundishe kukaa. Shika dagaa juu ya pua, mpeleke nyuma taratibu, kichwa kikipanda makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa chini, "Kaa", mpe. Neno lolote litafaa mradi nyumba nzima mtumie hilo hilo. Mabwana zetu kazini walitaka tuamrishe kwa Kiingereza, nami kila nikibaki peke yangu usiku nilikuwa nawaambia kwa Kiswahili, na walikaa vile vile. Akishajua, kila mlango wa bibi ukilia bawaba, Papa anakaa, anakula. Baada ya siku kadhaa ile bawaba ndiyo itakuwa amri.

Na kutembea: hatua moja, akiwa miguuni bila kudaka, dagaa. Hatua mbili, dagaa. Vaa suruali kwanza, ukifaulu rudi kwenye dera. Usianze na mtihani wa mwisho.

Meno yenyewe yana msimu. Sasa ana ya utotoni, 28, membamba kama miiba ya mkizi ndiyo maana yanachoma. Kuanzia karibu miezi minne yatang'oka yaje 42 ya ukubwani, mpaka miezi sita au saba. Hapo katikati fizi zinamuwasha, atatafuna zaidi. Ongeza karoti, usimkasirikie.

KijanaWaTudor

Champali nimeifuta mzee. Kumbe ndiyo maana wangu alinimalizia na za wageni.

MamaMahamri

Nimerudi, ni wiki ya nne sasa. Nieleze mambo yalivyo, sitaki kuwadanganya.

Siku ya tatu nililia. Alizidi kama mzee alivyosema, akanichania dera la maua ya zambarau nililoshonewa harusi ya wifi yangu. Nilisimama kama mnazi, upindo unapasuka nasikia, nimenyamaza. Mume wangu alinikuta hivyo akadhani nimepandwa na pepo.

Kuanzia wiki ya pili kukawa na nafuu. Alfajiri hana shida tena, nikitandika paleti yeye mwenyewe anaingia kulala, karoti haimalizi. Mtoto nimemfundisha kitu kimoja tu, akimwona Papa anakuja apande kibao. Anakiona mchezo. Papa akifika anakuta miguu haipo, anakaa. Sindano za mtoto zimekwisha, na Papa naye amechanjwa juzi alipotimiza miezi mitatu na kidogo, yu mzima.

Bado magharibi. Jioni watoto wakirudi na joto likipungua, anakimbia uani mizunguko kama aliyetiwa ndimu machoni, na kisigino kikipita anakidaka. Nimeamua saa hiyo ni ya kamba, sibishani naye.

Bibi sasa. Ile bawaba, mzee, imefanya kazi. Mlango wake ukilia Papa anaketi. Juzi nimemsikia bibi mwenyewe, yuko kizingitini na buibui amelikusanya mkononi, anasema "Kaa!" na Papa tayari ameshakaa. Akapita upande wa pili wa ua, mbali, akaniambia, "Huyu amesoma kuliko wajukuu zangu." Mtungi wa maji nilimpelekea tena Ijumaa bila sababu. Safari hii aliupokea, akanirudishia sahani ya kaimati.

Na leo asubuhi nafua, nimekuta jino dogo la mbele limenasa kwenye uzi wa upindo wa lile dera la zambarau. Watoto wamelirusha juu ya bati.

MshikaMbwaMstaafu (Changamwe)

Bado 27. Nunua karoti.