Mjomba Besi kaingia singeli (gumzo la ukoo)

*UKOO WA BIBI TEMEKE*

*Mama Zuu 20:14*
Habari za jioni wanaukoo. Zimebaki wiki tatu harusi ya Zuu na suala la muziki bado tunazungushana tu. Bendi au dijei? Nataka jibu leo

*Mamkubwa Magomeni 20:16*
Bendi. Harusi bila bendi inakua kama mkutano wa serikali ya mtaa

*Side 20:17*
Mamkubwa shkamoo. bendi itakula hela yote ya pilau alafu watu wakae kwenye viti wanapiga makofi. tuweke singeli, muziki wetu vijana wa mbio mbio, watu wavunje viti 😂😂

*Mamkubwa Magomeni 20:17*
Marahaba. Hivyo viti vya kukodi utalipa wewe?

*Baba Zuu 20:19*
Mimi nakumbusha tu bajeti ya muziki ni ile ile.

*Dada Ubungo 20:20*
Mjomba Besi yuko wapi, si ndo mwanamuziki wetu atuamulie

*Mjomba Besi 20:31*
Nipo nilikua naswali. Mngeniuliza mwaka jana ningesema bendi kabla hamjamaliza swali. Sa hizi sijui bana, huyu Side kanivuruga

*Side 20:31*
anko usitoe siri za studio 😂

*Mjomba Besi 20:38*
Naitoa. Jumamosi kaja kwangu na laptop anataka nimuwekee besi kwenye biti yake ya singeli, namwambia punguza spidi kwanza ananiambia haipungui, nikauliza ngapi akasema 210 kwa dakika. 210! Sisi rumba ilikua inatembea taratiiibu mashairi yasikike, mpaka kwenye chemko, kile kipande cha mwisho cha kucheza, ndo mnaongeza moto. Yeye kaanzia kwenye chemko na hashuki. Nikamfuata hivyo hivyo, dakika ya kwanza vidole ganzi, mara ya tatu nikalaza gitaa kitandani nikasema niache mie mzee

*Kaka Mbagala 20:39*
210 hiyo bodaboda wa Rangi Tatu kaona trafiki

*Mjomba Besi 20:44*
Sasa sikia. Dogo hakubishana. Akazima ngoma zote akabakiza kipande cha kinanda kinachojirudia, kama sekunde mbili tu, akaanza kugonga kisigino sakafuni polepole. Biti ikihesabu mbili yeye anahesabu moja. Yaani nusu yake, 105. Pale nikakamata. Juu kule inakimbia kama machinga kaona mgambo, mimi chini natembea na kikapu changu naenda sokoni. Nikapiga noti nne. Nne tu mpaka mwisho wa wimbo

*Side 20:45*
na hizo nne ndo zimebeba ngoma nzima naapa

*Dada Ubungo 20:45*
Sijaelewa kitu ila naendelea kusoma

*Mama Zuu 20:46*
Mimi nimeuliza bendi au dijei 😩

*Mjomba Besi 20:55*
Tunafika mdogo wangu. Kilichoniuma ni kwamba alichonifanyia Side nilishafanyiwa. 1987 naingia bendi najiona fundi, besi naijaza kila pahali mpaka muimbaji hana pa kuweka neno. Siku ya tatu mazoezini mpiga solo wetu, marehemu sasa, akaja akaweka kiganja juu ya nyuzi zangu. Kimya. Akasema sikiliza tumba, pale inapovuta pumzi ndo pako, kwingine sio kwako. Hakusoma muziki popote yule bwana. Kuna usiku uzi wake wa kwanza ulikatika katikati ya chemko ukumbi umejaa, akaihamishia ile laini yote uzi wa pili huko juu shingoni, wanenguaji hawakukosa hata hatua. Mimi mwenyewe nilijua kwa vile tu ule uzi ulinichapa shavuni

*Mamkubwa Magomeni 20:58*
Ndo nasema mimi. Zamani muziki ulikua muziki. Bendi za Msondo na Sikinde walivyokua wanagombania watu, ukiwa wa Msondo hukanyagi kwa Sikinde na mumeo akienda huko mnanuniana wiki

*Baba Zuu 21:00*
Na muimbaji Gurumo mwenyewe kaimba NUTA, ndo Msondo ya zamani, 1978 akawa kwenye kuanzisha Mlimani Park hiyo hiyo Sikinde, mwisho kazeekea Msondo. Nyie mnanuniana wenzenu wanahama.

*Mamkubwa Magomeni 21:01*
Shemeji usinichokoze

*Mjomba Besi 21:09*
Dada hiyo zamani tuisifie na ukweli wake. Bendi zilikua za mashirika na jumuiya, vyombo vyao mshahara wao, siku unaacha kazi unaacha na gitaa. Mimi nilitoka na mkanda wa begani tu. Alafu zikaja redio za watu binafsi kuanzia 94, vijana wakawa na bongo fleva yao, ukumbini tunapigia wahudumu. Njaa ikanipeleka taarabu ya kisasa. Na taarabu nilikua naidharau msinifiche mnajua, nasema mambo ya kina mama. Kule nikakutana na mpiga kinanda kijana kabisa mkono wa kulia unalia kama fidla, mkono wa kushoto kila siku unanibania besi yangu nikawa namchukia, mwezi wa pili nikaanza kuwahi mazoezini nimsikie akijaribisha sauti peke yake. Nimekaa miaka sita

*Side 21:11*
na kile kipande cha biti yangu ni kinanda cha taarabu nimekiharakisha. anko alikijua hapo hapo hata sijamwambia

*Mjomba Besi 21:13*
Ntaachaje kukijua. Singeli yenyewe huko Manzese na Tandale ilianza hivyo, vijana wanachukua ala ya taarabu wanaizungusha wanaikimbiza. Tulikua tunaita makelele kumbe ni sisi wenyewe tumerudi mbio

*Mamkubwa Magomeni 21:14*
Ni makelele

*Kaka Mbagala 21:14*
😂😂😂

*Simu ya Bibi 21:20*
Bibi anasema wekeni huo wimbo asikie

*Side 21:21*
[sauti 1:12]

*Dada Ubungo 21:24*
Huku umeme umekatika simu ina asilimia 6 ila nimesikia. Besi tamu jamani

*Simu ya Bibi 21:29*
Bibi kasikiliza mara mbili. Anauliza huyo mtoto anaimba anakimbilia wapi. Ila hilo gitaa la chini anasema lirudiwe na siku ya harusi akae karibu na spika

*Mamkubwa Magomeni 21:30*
Mama nae

*Mama Zuu 21:31*
Basi imeisha. Dijei Side, besi kaka yangu, na rumba tatu za kuingilia maharusi za taratibu ili dada asisuse. Side shilingi ngapi?

*Side 21:32*
bure mama. ila ampu ya anko inavuma sana inataka fundi

*Mjomba Besi 21:40*
Inavuma toka 98. Ukishaanza kupiga haisikiki