Re: Ile dharura ya mpakani, nisafiri au nitulie?

19 Oktoba 2019

Habari za wikiendi kaka na dada zangu. Jana msibani Houston nimesikia bunge la Marekani limeshindwa kufuta dharura ya mpakani (ule mpaka na Meksiko) na eti sasa mwenye grinikadi, yaani kibali cha kuishi Marekani, akitoka harudi. Mie tiketi ya Dar ya Desemba nishalipa. Kuna loya anataka dola 300 "aniangalizie". Mnaojua nisaidieni jamani.

---

Mdogo wangu, hiyo 300 mnunulie mama kitenge. Dharura aliyotangaza Trump Februari 15 ni mambo ya hela ya ukuta, alitaka dola bilioni 5.7, serikali ikafungwa siku 35 (mnakumbuka wale wa eapoti walivyopiga kazi bila mshahara), bunge likampa bilioni 1.375 tu, ndo akatangaza dharura achote kwingine. Grinikadi yako haimo humo. Yale ya kuzuia watu wa nchi fulani wasiingie ni amri nyingine kabisa, na mpaka Oktoba hii ya 2019 Tanzania haikuwemo. Cheki tu kadi haijaisha muda na usikae nje ukapitiliza mwaka.

Na bunge sio kwamba limelala, limepiga kura mara mbili kuifuta. Februari Baraza la Wawakilishi 245 kwa 182, Machi Seneti 59 kwa 41, humo Republican 12 wa chama chake mwenyewe, kesho yake Trump akapiga veto, yaani akaikataa, ya kwanza toka aingie. Sheria ya dharura ya 1976 inaruhusu kujaribu tena kila miezi 6 ndo maana Septemba wakarudi, veto tena, na Alhamisi hii Seneti wamepata 53 kwa 36, theluthi mbili ya kuvunja veto haijafika.

Sasa hapa ndo patamu. Hiyo sheria ilipotungwa bunge lilikuwa linafuta dharura lenyewe, saini ya rais haihitajiki. Aliyesababisha ibadilike ni mtoto wa Kenya! Chadha, Mhindi mzaliwa wa Kenya mwenye pasi ya Mwingereza, alikuja kusoma Ohio, viza ikamwishia 1972, jaji wa uhamiaji akamwacha abaki, Wawakilishi wakapiga kura peke yao arudishwe. Jamaa akakomaa na kesi mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, 1983 wakasema bunge haliwezi kuamua kitu kama hicho bila kumpelekea rais asaini. Akabaki. Ila na sheria ya dharura ikabidi irekebishwe 1985, kwa hiyo leo kumfutia rais dharura yake lazima asaini yeye mwenyewe, au bunge lipate ile theluthi mbili, nani atasaini? Mhamiaji mwenzetu alijiokoa na mlango ukafungwa hapo hapo, mie hata sijui nicheke au vipi.

---

Kaka umeeleza vizuri ila usiseme haimgusi mtu. Mume wangu yuko jeshini Fort Campbell, Septemba ilipotoka orodha ya miradi 127 ya majengo ya jeshi iliyochukuliwa hela kwenda kwenye ukuta, jumla dola bilioni 3.6, shule ya watoto hapa kambini imo, milioni 62.6. Tulishaambiwa inajengwa, sasa basi tena, tunabanana kwenye ile ya zamani. Huku wanaofuatilia hizo kura ni sisi wazazi, wala sio watu wa viza.

---

Asanteni sana, loya nishamblok. Pole dada kwa hiyo shule kwakweli.

---

Wewe wa Desemba, una kilo zimebaki? Nina kiboksi kidogo tu cha vitamini za baba, anakaa Tabata, atakuja mtu kukuchukulia eapoti.