Ndugu wa Tabata (mashemeji hawamo)

Neema: Wakubwa shikamooni. Baba Glory amefungua kesi ya talaka. Karatasi zimeletwa jioni hii, mbele ya wateja wangu wa vitumbua. Kaandika nimemtelekeza.

Shangazi Eliza: Nani kamtelekeza nani?? Si yeye aliyempangishia yule dada chumba Kimara?

Mjomba Festo: Marahaba mama. Usiende. Ukikaa kimya kesi itajifia yenyewe.

Doreen: Mjomba, samahani, hapo hapana. Asipotokea, hakimu anasikiliza upande mmoja na kuamua. Neema, piga picha kurasa zote, mbele na nyuma, mihuri ionekane.

Neema: 📷📷📷📷

Kelvin: *Imesambazwa mara nyingi* 🎥
Oneni huyu wakili wa Marekani. Anasema ukijua kosa la mwenzio halafu ukarudi mkalala pamoja, umeshasamehe, huwezi kulitumia tena kortini. Dada, Krismasi si ulikuwa kule?

Neema: Kelvin! Nilipeleka watoto.

Shangazi Eliza: Huyu mtoto ana adabu kweli?

Doreen: Video hiyo ni ya huko kwao, na hata huko si kila mahali. Kuna majimbo yenye talaka ya kutaja kosa, na huko mshitakiwa anaweza kujitetea kwamba alisamehewa, au kwamba mwenzake ndiye aliyemtega. Lakini California tangu 1970 watu wanaachana bila kumtafuta mkosaji. Sisi tuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

Mjomba Festo: Kwetu inasemaje sasa?

Doreen: Swali la hakimu ni moja: ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Ugoni, ukatili, kutelekezwa, vyote ni ushahidi wa kujibu swali hilo. Kutelekeza kuna masharti yake: iwe miaka 3 au zaidi, na aliyeondoka awe ameondoka kwa kusudi. Neema ulitoka lini?

Neema: Pasaka ya mwaka juzi. Usiku ule alionipiga, nikaja kwa Shangazi na kanga moja.

Shangazi Eliza: Mimi ndiye niliyefungua mlango. Jicho lilikuwa halioni.

Doreen: Basi miaka 3 haijafika, na mtu aliyekimbia kipigo hajatelekeza. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ipo?

Neema: Ipo, na Dawati la Jinsia la polisi waliandika maelezo yangu.

Doreen: Safi. Tena sheria inasema talaka iliyojengwa juu ya makosa ya mwombaji mwenyewe tu inakataliwa, isipokuwa iwepo sababu maalumu. Yeye kapiga, kapanga Kimara, halafu yeye ndiye analalamika kuachwa.

Kelvin: Kwa hiyo dada anashinda!

Doreen: Anashinda nini, Kelvin? Neema, unaitaka hiyo ndoa?

Neema: Siitaki. Nataka watoto, na haki yangu ya nyumba ya Chanika.

Doreen: Basi usimalize nguvu kubishana nani mbaya. Kosa lake liandike kwenye majibu yako, lakini ugomvi wako ni mali na matunzo.

Mjomba Festo: Kiwanja si kina jina la mwanaume?

Doreen: Jina si mwisho wa habari. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani ni mchango. Ila Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, maana fedha alizopewa na mumewe alizitapanya. Kwa hiyo ushahidi, ushahidi. Una chochote cha Chanika?

Neema: Daftari langu la vitumbua. Kurasa za nyuma niliandika saruji, mifuko mingapi na bei, na fedha ya fundi. Lina mafuta lakini linasomeka.

Doreen: Lifunge kwenye mfuko wa nailoni sasa hivi. Na chapisha miamala ya simu uliyolipa fundi.

Shangazi Eliza: Na watoto?

Doreen: Wa chini ya miaka 7, sheria inadhania ni vema akae na mama, ingawa baba anaweza kupinga. Mkubwa, hakimu ataangalia faida yake. Subirini, narudi kwenye picha ya tatu.

Doreen: Neema, hii hati ya Baraza la Usuluhishi la ndoa, ya kwamba wameshindwa kuwapatanisha, muhuri wake ni 12 Agosti. Madai yamepokelewa 9 Machi. Hati inatakiwa isizidi miezi 6 hadi siku ya kufungua kesi!

Kelvin: Kesi imekufa 🔥🔥

Doreen: Ikiondolewa anarudi barazani anaanza upya. Inatupa muda tu. Mimi ni msaidizi wa kisheria, siwezi kusimama mahakamani, kwa hiyo kesho asubuhi twende WLAC Kinondoni, kile kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, msaada wao ni bure. Wakiwa wamejaa tunajaribu TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Na huo muhuri, asiambiwe mtu nje ya hapa.

Shangazi Eliza: Watoto walete kwangu saa kumi na mbili. Festo, umesikia? Usimpigie.

Mjomba Festo: Nilishampigia saa kumi na moja.

Shangazi Eliza: FESTO

Mjomba Festo: Nilimtukana tu. Habari za muhuri nilikuwa sina.